Homa Gani, Mjomba?

Hospitali ya Wilaya, 4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, na umwambie kwenye lile sikio linalosikia, asije akasema nimemruka. Mkaza-mjomba mwambie yale masweta niliyoyanunia wakati wa kufunga sanduku nimeyavaa yote mawili, moja juu ya jingine, na bado meno yanagongana. Acheke tu, ni haki yake.

Nimefika salama, ingawa barabara haikufika nami. Iliishia mtoni. Kutoka hapo nilipanda nyuma ya lori la saruji, mimi na mwalimu mmoja na mbuzi ambaye ndiye aliyekaa vizuri kuliko sisi sote. Hospitali ni majengo marefu ya bati, yaliyokuwa meupe zamani. Chumba changu kiko nyuma ya maabara: kitanda, meza, ndoo mbili, na dirisha linalotazama tangi la maji. Simu ipo. Imewekwa ofisini ndani ya kabati la kioo kama kombe la mpira, maana haijasema neno tangu nguzo zianguke. Kwa hiyo ni barua, Mjomba, na barua zenyewe husafiri lori likisafiri.

Mwalimu wangu ni Mganga Mkuu wa wilaya, mzee mrefu mwembamba. Watu wanamwita Bwana Choo waziwazi, naye anaitika. Nilidhani siku ya kwanza atanipa vitabu. Alinipa viatu vya mpira. Tulizunguka mtaa wote wa nyuma ya soko tukichungulia vyoo vya watu na kuuliza maji yanatoka wapi. "Daktari wa wodini humngoja mgonjwa mlangoni," aliniambia. "Wewe umekuja kujifunza kumfuata kabla hajaumwa. Na usingoje shukrani. Nani atakushukuru kwa ugonjwa ambao hakuupata?"

Tulipokaa kunywa chai akaniuliza kwa nini nimechagua afya ya jamii, nikaacha upasuaji. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba mama yangu alifariki kwa homa kabla sijaanza shule. Akauliza, "Homa gani?"

Nikamwambia nitauliza nyumbani. Mimi ni daktari, Mjomba. Kila siku nawauliza watu wazazi wao walikufa kwa nini. Ilikuwa homa gani?

Mpwa wako,
Maswali

*

Kibandani kwangu, 11 Machi

Kwako Maswali,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Huku hatujambo. Bibi mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe siku hizi limekuwa mtu wa familia: linaamka kabla yetu na kututangazia mvua. Mkaza-mjomba wako aliposikia habari ya masweta alizunguka nyumba nzima kama aliyeshinda uchaguzi.

Kazi inakwenda. Nywele zangu mwenyewe zimefika kwenye kola, na wateja hawaishi kunikumbusha kwamba kinyozi hajinyoi. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja amefungua saluni yenye kioo cha ukuta mzima na redio inayopiga kelele. Watu wangu wa zamani wanakwenda kujitazama huko, halafu wanarudi kwangu kunyolewa.

Juzi alikuja yule fundi mitambo mstaafu wa posta. Nilipomfunga shuka shingoni akasema, "Sauti kama ya dada yako haikutokea tena." Basi tukasahau kunyoa. Unajua mama yako alikuwa kwenye mitambo ya simu pale posta, lakini hujui ilivyokuwa. Hukuweza kumpigia mtu wa mji mwingine bila kupita kwake. Alikuwa akisema, "Zungumza, mpendwa, simu yako iko tayari," na mji mzima ukaamini unapendwa. Daktari wa meno alikuwa anaomba namba za miji ambako hana hata jamaa.

Akitoka zamu alikuja hapa, viatu mkononi, anakaa kwenye kiti cha wateja na kujizungusha. Wewe mapajani. Ndipo ulipopatia jina: "Mjomba, nywele zikikatwa zinaumia? Zinakwenda wapi? Kwa nini kioo hakichoki?" Nilikuwa nakupaka povu mashavuni kwa brashi na kukunyoa kwa mgongo wa kitana, na wewe unajikaza kama mzee anayekwenda harusini. Mama yako anacheka mpaka anashika ukuta. Wakati mwingine, mchana kibanda kikiwa kitupu, naweza kuapa nasikia kile kiti kikizunguka.

Mengine ni ya kawaida. Vaa masweta.

Mjomba wako

*

Hospitali ya Wilaya, 22 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na goti la Bibi nalo nalisalimu kwa heshima zake. Nisamehe kwa ukimya. Mvua ilichukua kivuko, lori likakaa ng'ambo na mfuko wa barua ukakaa ndani ya lori.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imepasuka. Sikujua habari za daktari wa meno. Nilicheka peke yangu, mtu wa maabara akagonga ukuta. Lakini umenipa goti, kioo, povu na kiti, na homa hukuitaja. Labda kuna ukurasa ulidondoka njiani.

Huku mambo si mazuri. Kipindupindu kimeingia kwenye makazi ya wavunja mawe, juu ya mto. Tumefunga shule na kugeuza madarasa kuwa kambi ya wagonjwa. Vitanda vimetobolewa katikati, ndoo chini ya kila tundu. Kuizunguka kambi tumefunga kamba, na mlinzi yupo. Ndugu hubaki nje ya kamba.

Kinachoniumiza ni kwamba ugonjwa huu, mtu akifika mapema, unatibika kwa maji. Maji, chumvi, sukari, dripu kwa aliyezidiwa. Leo analetwa amekauka kama jani, kesho anamgombeza muuguzi kwa uji mwepesi. Lakini hawafiki mapema. Wanafichwa vyumba vya ndani. Bwana Choo ameandika kwa rangi nyekundu na kubandika langoni: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Watu wanaisoma, wanageuka na kurudi.

Wiki iliyopita fundi seremala mmoja alimleta mke wake amelala juu ya mlango. Alikuwa ameung'oa mlango wa nyumba yake ili ambebe, yeye na jirani. Mke alifia pale kwenye kamba, kabla sijapata mshipa. Nilimuuliza, "Kwa nini mlimchelewesha?" Nilimuuliza kwa ukali, Mjomba. Aliuchukua mlango wake akaenda nao.

Naomba nikuulize tena, kwa adabu zote. Mama aliumwa nini?

Maswali

*

Nyumbani, 16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Unanawa mikono? Usinijibu kwa maneno ya kitabuni. Nijibu ndiyo au hapana.

Nimeongea na daktari wa watoto ninayemnyoa. Anasema hospitali kuu ya hapa inatafuta daktari wa wodini, na wewe wakikuona hawatatazama mwingine. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Acha kazi hiyo. Wapo wengine wasio na mtu wa kuwangoja, waifanye wao.

Hayo mengine unayouliza, mwanangu, yamelala. Kuna mambo mtu huyapita kwa ncha za vidole.

Rudi.

Mjomba wako

*

Hospitali ya Wilaya, 10 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Ndiyo, nanawa.

Nawashukuru wewe na daktari wa watoto kwa kunitafutia kazi. Pengine mtakuwa mmeona mbali kuliko mimi. Juzi tulipanda kwa wavunja mawe na dawa ya kutia kwenye maji. Tulikuta milango imefungwa. Mji mzima, Mjomba, kama vile watu wamehama, ila moshi unatoka jikoni. Nilibisha hodi hadi vidole vikauma. Mwisho mwanamke mmoja akanisemesha kupitia upenyo wa dirisha. "Daktari, sisi hatuna ugomvi na dawa yako. Nyinyi mnachukua watu." Akafunga.

Nilirudi nikamwambia Bwana Choo kwamba huenda sifai kwa kazi hii. Hakunibembeleza. Alikuwa anaosha viatu vyake bombani. Alisema, "Maliza mwezi wa nane, kisha uamue. Nami nimechoka, usidhani uko peke yako."

Habari ya mama sikuulizi tena. Samahani kwa usumbufu.

Maswali

*

Nyumbani, 2 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara nyingi, na karatasi nyingine nimefutia wembe.

Lazima ujue kwanza kilichotokea hapa. Barua zako mimi ndiye humsomea Bibi, na nikisoma naruka. Nikifika pabaya nakohoa kidogo, nahamia penye salamu. Hii ya mwisho ilifika nikiwa kibandani, akaipokea mkaza-mjomba wako, na huyo hajui kuruka. Aliisoma yote tangu shikamoo hadi samahani. Niliporudi nilimkuta Bibi amekaa wima kitandani. Akaniambia, "Lete zile za kwanza. Zisomwe upya, na leo usikohoe."

Nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Mwandikie."

"Nimwandikie nini, mama?"

"Mwandikie alivyokwenda."

Ilikuwa kipindupindu. Haya, nimeliandika, na mkono haujakatika.

Mwaka ule kilianzia kwenye mabweni ya reli, kikashuka hadi mtaani kwetu. Mama yako alitoka zamu akisema tumbo linamkata. Kulipokucha macho yalikuwa yamezama na ile sauti imekuwa mkwaruzo. Baba yako alikuwa ameshajiendea zake zamani, kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, mimi, na wewe uliyekuwa umelala chumbani kwangu. Tukasikia gari la manispaa linapita mlango kwa mlango. Bibi akasema, "Ingia ndani, tutasema umesafiri." Mama yako akakataa. Akasema, "Mtoto yumo humu, mama. Nitakwenda kwa miguu yangu, wasije wakanivuta."

Alivaa gauni lake la posta, akavifunga vifungo vyote. Alipofika mlangoni wewe ukatoka mbio, umeamka, mikono juu, unataka kubebwa. Akakunyooshea kiganja. "Baki hapohapo, mpendwa." Ukasimama. Ukauliza, "Kwa nini?" Ukanigeukia ukaniuliza mimi. Nikakukamata kwa nyuma, ukanipiga mateke, naye akatazama kidogo, akageuka, akalipanda lile gari bila kushikwa.

Yeye na wagonjwa wengine walipelekwa kwenye ghala la reli. Palifungwa kamba vilevile. Bibi alikwenda na nguo safi, akasimama kwenye kamba, jua likampiga, hadi mtu akatoka akamwambia arudi nazo. Alizikwa na watu wa manispaa, pamoja na wengine, nyuma ya ghala. Hatukumwosha wala hatukumwona.

Baada ya hapo nyumba yetu ikapuliziwa dawa mbele ya watu. Majirani wakavuka barabara. Kwenye kiti changu hakukaa mtu, na waliponisalimu walinisalimu kwa mbali. Tulikuwa wachafu. Bibi wako, aliyekuwa akifagia mpaka sehemu ya barabara isiyo yake! Ndipo akasema, ilikuwa homa. Tukasema homa. Hata jina lake tukaacha kulitaja, tukawa tunasema "marehemu," maana jina lilikuja na mambo mengine nyuma yake. Nami nikakukumbusha habari za kiti na povu, kwa sababu hizo zilikuwa hazina kamba.

Wewe uliendelea kuuliza kwa nini hakukubeba. Ukauliza na kuuliza. Halafu siku moja ukaacha, na katika maisha yako yote hilo ndilo swali pekee nililokuona unaliacha.

Ile methali mwambie mzee wako aibandue. Aliyeitunga hajawahi kupuliziwa dawa nyumba. Sisi kifo hatukukiogopa hivyo. Tuliogopa kamba.

Nilikwambia urudi kwa sababu niliogopa. Bibi anasema usirudi. Nami, kwa shida, nasema hivyohivyo.

Mjomba wako

*

Hospitali ya Wilaya, 19 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo Bibi, shikamoo nyingi, na mkaza-mjomba mwambie Mungu amzidishie kutojua kuruka.

Barua yako ilinikuta bombani nafua. Niliisomea palepale, nimeegemea tangi, na nguo zikakauka na sabuni yake. Sitaandika yote niliyoyahisi. Jambo moja tu nitakuandikia, kwa sababu nadhani wewe ndiye unayeweza kulibeba pamoja nami.

Angeweza kunibeba, Mjomba. Kipindupindu hakirukii mtu hewani. Huingia kwa mdomo, kwa maji, kwa mikono isiyonawa. Angenawa kwa sabuni, angebadili gauni, angenibeba mpaka barabarani, na mimi ningenawa baadaye. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mwenye kazi ya kumwambia ni mtu kama mimi, na mtu huyo siku ile alikuwa anafunga kamba.

Nilikwenda kwa Bwana Choo nikamwambia, "Naomba kila mgonjwa aingie na ndugu yake mmoja." Akasema utaratibu hauko hivyo. Nikasema tutaweka beseni, sabuni na dawa ya mikono mlangoni, tutawafundisha, mtu asiyenawa hatoki. Akasema watatushinda kwa wingi. Nikamwambia mama yangu alikufa kwa kipindupindu nyuma ya kamba. Alinitazama sana. "Kwa hiyo ndiyo homa yenyewe," akasema. Akatoka nje bila kofia. Nilimfuata, nikamkuta langoni anabandua lile karatasi kwa kucha. Lilikataa kutoka lote. Neno KIFO bado lipo mpaka leo.

Kisha tukapanda kwa wavunja mawe. Safari hii sikubisha hodi. Nilikaa kwenye karakana ya yule seremala, maana ndiyo yenye kivuli na ndiko nilikokuwa na deni la maneno. Nilimwomba radhi kwa swali nililomuuliza siku ile. Aliendelea kupiga randa. Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja, kama wana shida ya kuulizia bei ya kitanda. Nikawaambia habari ya mama yangu, tangu mlangoni hadi ghalani. Sikuwaambia wanawe mikono. Niliwaambia alinizuia kwa kiganja na kwamba hakukuwa na haja.

Halafu yule wa dirishani, nilimjua kwa sauti, akauliza, "Nikimleta binti yangu, nitalala naye humo?" Nikasema ndiyo. "Nitamshika?" Nikasema ndiyo, na utanawa. Asubuhi alimleta akitembea mwenyewe, anatapika lakini anatembea. Akapona. Baada ya huyo wakaja.

Hawakupona wote, nisikudanganye. Mzee mmoja mvunja mawe tulishindwa naye. Lakini binti yake alikuwa amemshika mguu mpaka mwisho, akamfumba macho kwa mkono wake, kisha akaja kwenye beseni akanawa taratibu sana, na mimi nikamshikia taulo. Seremala naye alishuka siku moja na mabenchi mawili mgongoni, ya ndugu kukalia. Sasa vitanda vimebaki vitupu, na watoto wanapita kuuliza shule itafunguliwa lini kwa sauti ya watu wanaoomba isifunguliwe.

Mafunzo yangu yanaisha mwishoni mwa mwaka. Nimeomba kubaki. Mpe shukrani daktari wa watoto.

Najaribu kuikumbuka sauti ya mama. Kuna nyakati nadhani nimeipata, kumbe ni wewe unamuigiza.

Maswali

*

Kibandani, 8 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi kwamba unabaki, na tumelia kwamba unabaki, kila mtu kwa zamu yake. Mkaza-mjomba ameshaanza sweta la tatu.

Barua yako nilimsomea Bibi yote. Pale penye "angeweza kunibeba" nilisimama, akanisubiri, nikaendelea. Asubuhi yake akataka fimbo na viatu vya kutokea. Nikamuuliza anakwenda wapi na goti hilo. "Ghalani," akasema.

Ghala halina paa siku hizi. Nyuma yake mafundi magari wanaanika viti vya mabasi. Hakuna alama yoyote, majani tu na vyuma. Nilitaka kumtafutia mtu wa kuuliza, akanikataza. Alitembea akachagua mahali, kwa nini pale sijui, akakaa chini juu ya kanga yake. Akaliita jina la mama yako. Aliliita kwa sauti, kama mtu aliye jikoni anavyomwita aliye uani. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mwaka ule. Fundi mmoja chini ya gari akadhani anaitwa mtu wao, akatoa kichwa. Nilikaa naye. Tulizungumza habari za kawaida, tukamsengenya daktari wa meno.

Wakati wa kurudi goti likakataa, ikabidi tupumzike kibandani. Palikuwa na wateja kwenye benchi. Muuza magazeti, ambaye namnyoa tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, akamwuliza kwa utani, "Bibi, vumbi hilo lote, ulikuwa unacheza wapi?"

Bibi akajibu, "Nilikwenda kwa binti yangu. Yuko nyuma ya ghala la reli. Alikufa kwa kipindupindu."

Nilikuwa na wembe shingoni mwa mtu, nikauondoa. Nikangoja waanze kusimama mmoja mmoja kama zamani. Muuza magazeti ndiye aliyesimama. Akayakunja magazeti yake, akafuta benchi kwa kiganja, akamshika Bibi mkono kumkalisha mahali pake.

"Na kaka yangu yuko huko," akasema. "Mkubwa wangu. Sijawahi kumwambia mtu."

Bibi akasogea kumwachia nafasi. "Kaa," akamwambia. "Alikuwa anaitwa nani?"

Mjomba wako